Dondoo za Mimea Kama Vihifadhi vya Nyama Iliyo Tayari Kuliwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapishi wa Lamu na Malindi

Maswali haya yametokana na mazungumzo na wauzaji wa kababu, mishkaki na soseji wa Malindi, na wapishi wa shughuli za arusi na maulidi wa Lamu. Kwa miaka sasa wamekuwa wakiuliza jambo moja kwa njia nyingi: je, karafuu, thumu na mdalasini vyaweza kuifanya nyama iliyopikwa ikae zaidi bila ya kutiwa dawa za kiwandani? Vinasaidia, lakini si kwa namna ambayo wengi wanaitarajia, na humu nimejaribu kuonyesha mpaka wa msaada huo. Pale swali moja linapogusa jingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Nyama iliyo tayari kuliwa ni ipi hasa?

Ni nyama ambayo mlaji huitia kinywani kama alivyoikuta, bila ya kuipika tena: poloni ya kukatwa vipande, smoki ya kando ya barabara, soseji iliyokwisha kuchemshwa, kababu na katlesi zilizopangwa katika kabati la vioo, mshikaki uliopoa, au nyirinyiri inayoletwa na jamaa zetu wafugaji. Sambusa mbichi inayongojea mafuta ya moto haimo katika kundi hili, hata kama nyama iliyo ndani yake imekwisha kukaangwa.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Nyama mbichi bado itapita motoni kabla ya kuliwa, na moto huo ndio mlinzi wa mwisho. Nyama iliyokwisha kuiva haina mlinzi mwingine mbele yake. Bakteria inayoingia baada ya kupikwa, kutoka mkononi, kwenye kisu, kwenye kibao au kwenye trei iliyobebea nyama mbichi, humfikia mlaji ikiwa hai.

Dondoo ya mmea ni nini, na ina tofauti gani na viungo ninavyotia kila siku?

Dondoo ni kile kilichotolewa ndani ya mmea na kukusanywa kwa wingi, makapi yakaachwa. Hutolewa kwa maji, kwa spiriti, kwa mvuke au kwa gesi ya kabonidaioksaidi iliyoshindiliwa. Mafuta ya karafuu, kwa mfano, hupatikana kwa kupitisha mvuke katika karafuu na kuukusanya unapopoa, na sehemu yake kubwa ni kiambata kiitwacho yujeno, ambacho ndicho kinachokupa ile harufu na ule ubaridi wa ganzi ulimini.

Tuangalie hesabu. Karafuu nzuri huwa na mafuta yanayokaribia asilimia 15 ya uzito wake. Ukitia gramu 2 za karafuu ya kusaga katika kilo moja ya nyama, kiasi ambacho tayari kinatambulika mdomoni, umetia gramu 0.3 tu za mafuta, tena kama yangetoka yote, na hayatoki yote. Ndiyo maana nyama ya pilau yenye viungo tele huharibika usiku mmoja ikiachwa nje, na ndiyo maana watu wakaenda kutafuta dondoo.

Iko tofauti ya pili ambayo husahaulika. Viungo vya kusaga vilivyoanikwa juani na kuuzwa kwa kipimo mara nyingi huwa na vumbi na mbegu za bakteria, ambazo hustahimili hata mchemko wa kawaida. Mafuta yaliyotolewa kwa mvuke hayana mzigo huo. Kwa hiyo usinyunyize kamwe pilipili manga au bizari mbichi juu ya nyama iliyokwisha kuiva na inayokusudiwa kukaa; vikaange kwanza, au uvitie kabla ya kupika.

Dondoo hizi hufanyaje kazi ndani ya nyama?

Nyama iliyopikwa ina maadui wawili, na ni lazima kuwatenganisha, kwa sababu mimea hupambana nao kwa nguvu zisizolingana.

Adui wa kwanza ni hewa. Nyama inapopikwa, chuma kilichokuwa kimefungwa katika rangi yake nyekundu hufunguliwa, na chuma hicho huyachochea mafuta ya nyama kuungana na oksijeni; huku ndiko kugeuka kwa mafuta. Kila mpishi anaijua harufu inayotokea: ile ya nyama ya jana iliyopashwa moto, inayofanana na kadibodi mbichi au mafuta makuukuu. Hapa mimea ina nguvu ya kweli. Viambata vyake hujitoa kwa oksijeni badala ya mafuta, na vingine hukishika chuma kisiendelee kuchochea. Rozmari, chai ya kijani, karafuu, tangawizi na maganda ya komamanga vyote hufanya kazi hii, na hufanya hivyo kwa kiasi kidogo ambacho ladha inaweza kukivumilia.

Adui wa pili ni bakteria. Yujeno ya karafuu, sinamaldehaidi ya mdalasini, timoli ya thaimu na kavakroli ya oregano huupenya utando wa bakteria na kuutoboa, yaliyomo yakavuja. Katika chupa ya maabara jambo hili hutokea upesi. Ndani ya nyama mambo hubadilika, kwa sababu mafuta na protini za nyama huvifungia viambata hivyo, na bakteria hubaki katika majimaji ambako dondoo imefika kidogo. Ili kupata matokeo yaleyale ya maabara, mara nyingi huhitajika kiasi kikubwa zaidi, pengine mara kumi, na hapo ladha hukataa kabla ya bakteria hawajashindwa.

Basi dondoo inaua Listeria?

Inaweza kupunguza kasi ya kukua kwake. Usiitegemee kuiua. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu Listeria ndiyo bakteria ya hatari zaidi katika nyama ya aina hii: hufa kwa upishi wa kawaida unaofikisha nyuzi 70 au zaidi katikati ya nyama, lakini ikirudi baadaye hukua hata ndani ya friji, mahali ambapo tumezoea kudhani ni salama. Mlipuko wa Afrika Kusini wa mwaka 2017 na 2018, uliowaua watu zaidi ya 200, ulifuatiliwa hadi kwenye poloni, chakula kinacholiwa bila kupikwa tena.

Bakteria za kundi la Listeria na Staphylococcus huumizwa na dondoo kwa urahisi zaidi kuliko Salmonella na E. coli, ambazo zina utando wa ziada wa nje. Kwa hiyo, dondoo iliyoonekana kufaa dhidi ya moja haithibitishi chochote kuhusu nyingine.

## Mimea yenyewe

Ni mimea ipi inayopatikana kwetu, na kila mmoja unafaa kwa nini?

Karafuu ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizo madukani petu, kwa mafuta kugeuka na kwa bakteria pia, lakini ndiyo inayoharibu ladha upesi zaidi. Ifaa katika kababu, nyama ya kusaga na nyama ya mbuzi. Katika kuku hujitokeza kupita kiasi.

Mdalasini hufuata kwa nguvu. Angalizo lake ni kwamba vijiti vinene na vigumu vinavyouzwa kwa bei nafuu mara nyingi ni kasia, ambayo ina kumarini nyingi, kiambata kinacholemea ini kikiliwa kwa wingi na kila siku. Mdalasini wa Seilani, wenye maganda membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka kama karatasi, una kumarini kidogo sana.

Thumu ina hadithi yake. Ikiwa nzima haina alisini, kiambata chake kinachopambana na bakteria. Huzaliwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya chake kukutana na kiambata kilichokuwa chumba kingine. Kwa hiyo ponda kwanza, iache kama dakika 10, kisha itie. Hata hivyo alisini haivumilii moto, na katika nyama iliyopikwa kinachobaki ni ladha zaidi kuliko ulinzi.

Tangawizi na manjano ni vizuri kwa kuzuia mafuta kugeuka. Tangawizi mbichi pia hulainisha nyama, na ikikaa usiku kucha huifanya iwe kama uji, kwa hiyo saa moja au mbili zatosha. Ndimu, siki na ukwaju hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: huongeza uchachu wa nyama, na bakteria nyingi hazipendi uchachu. Mchanganyiko wa ukwaju na karafuu kidogo, katika uzoefu wangu, ni bora kuliko karafuu nyingi peke yake, kwa ladha na kwa muda wa kukaa.

Rozmari inasemwa sana. Kwa nini?

Kwa sababu dondoo yake ndiyo iliyopiga hatua ndefu zaidi kutoka jikoni hadi kwenye sheria. Umoja wa Ulaya uliikubali mwaka 2010 kama kiongezo cha kuzuia mafuta kugeuka, kwa namba E392, na hupimwa kwa viambata vyake viwili, asidi ya kanosiki na kanosoli. Huuzwa ikiwa imeondolewa harufu, hivyo soseji haipati ladha ya majani. Kazi yake rasmi, lakini, ni kuzuia mafuta kugeuka; asikuambie mtu kwamba namba hiyo inaiidhinisha kuwa dawa ya bakteria.

Naweza kutumia mwarobaini au mlonge?

Mwarobaini, hapana. Ni mti tuliouheshimu kwa dawa, lakini mafuta ya mbegu zake ni sumu, hasa kwa watoto, na uchungu wake hauna nafasi katika chakula. Majani ya mlonge huliwa kama mboga na yanaweza kuzuia mafuta kugeuka, ila huipa nyama rangi ya kijani ambayo wateja huidhania kuwa ni ukungu. Mizizi ya mlonge usiiguse.

## Jikoni

Nitie kiasi gani?

Anza chini. Kwa mafuta ya karafuu au mdalasini yaliyokusudiwa chakula, asilimia 0.05 ya uzito wa nyama ni mahali pazuri pa kuanzia majaribio ya ladha: gramu 5 kwa kilo 10. Gramu 5 hupimwa kwa mizani ndogo ya kidijitali, si kwa kizibo cha chupa wala kwa kukadiria.

Na usiyamimine moja kwa moja. Siku zangu za mwanzo nilidondoshea mafuta ya karafuu juu ya nyama ya kusaga iliyotoka kwenye friji, nikakanda kwa dakika chache nikiamini yameenea. Mafuta yale yalishika mahali yalipoangukia, kwenye kipande cha mafuta ya baridi, yakakaa pale. Kababu nyingi zilitoka bila harufu yoyote, na chache zilitia ganzi ulimi wa mtoto aliyeonja hata akalia. Kilo nne zilitupwa. Tangu hapo nayachanganya kwanza na chumvi yote ya mapishi na kijiko cha mafuta ya kula, nasugua mpaka chumvi iwe na unyevu sawa, ndipo naitawanya katika nyama kwa awamu tatu.

Nunua mafuta yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Yale ya chupa ndogo ya kutibu jino au ya kukanda mwili hayakutengenezwa kwa kazi hii. Chupa iwekwe mbali na watoto, kwa kuwa kijiko cha chai tu cha mafuta ya karafuu yasiyochanganywa kinaweza kumfikisha mtoto mdogo hospitali.

Itiwe kabla ya kupika au baada?

Kwa kuzuia mafuta kugeuka, kabla, kwa sababu uharibifu huanza nyama inapopata moto. Kwa bakteria wanaoingia baadaye, uso wa nyama ndio unaohitaji ulinzi, na viwanda hupaka au kunyunyiza dondoo juu ya nyama iliyoiva kabla ya kuifunga. Jikoni kwa kawaida sishauri hilo, kwa kuwa kila kitu unachokigusisha na nyama iliyoiva ni mlango mpya.

Nimetengeneza thumu ndani ya mafuta na kuiacha rafuni ili nitumie kwa nyama. Kuna ubaya?

Kuna hatari ya kifo. Thumu hutoka udongoni na hubeba mbegu za Clostridium botulinum. Mafuta huizuia hewa, na bakteria hiyo hukua pasipo hewa na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Mwaka 1985, huko Vancouver, Kanada, watu wengi waliugua baada ya kula thumu ya chupa iliyowekwa ndani ya mafuta bila ya baridi. Tengeneza kiasi cha siku hiyo, weka kwenye friji, na kilichobaki kigandishe.

Nitajuaje kama dondoo imefanya kazi?

Gawa nyama moja mafungu mawili, moja na dondoo na jingine bila, uyapike pamoja, uyaweke katika rafu moja ya friji, na asubuhi ya tatu upashe kipande cha kila fungu katika sufuria yenye kifuniko. Funua na unuse mvuke wa kwanza. Fungu lisilo na dondoo litakupa ile harufu ya kadibodi. La pili, kama kipimo kilikuwa sahihi, litanuka nyama.

Jaribio hili hupima harufu ya mafuta peke yake. Halikuambii lolote kuhusu Listeria, ambayo haina harufu. Kabla ya kuwaambia wateja kwamba nyama yako inakaa siku 10, peleka sampuli maabara.

## Mahali pa vihifadhi vya kiwandani

Je, naweza kuacha nitriti, ile chumvi ya kiwandani inayotiwa katika soseji na poloni, na kutumia karafuu badala yake?

Naelewa swali hili linatoka wapi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka nyama ya kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2019 taarifa za runinga kuhusu kemikali katika nyama ya maduka makubwa ziliwatia Wakenya hofu ya haki.

Lakini nitriti hufanya kazi tatu kwa pamoja: huipa soseji rangi ya waridi, huzuia mafuta kugeuka, na huizuia Clostridium botulinum. Dondoo za mimea zinaweza kuchukua kazi ya pili vizuri. Ya kwanza hazichukui; kababu yako itakuwa ya kahawia, na hilo si kosa. Ya tatu haziwezi kukabidhiwa peke yake, hasa katika nyama inayofungwa pasipo hewa. Kwa kababu, mshikaki na kuku wanaoliwa ndani ya siku chache wakiwa kwenye baridi, nitriti haikuhitajika tangu mwanzo. Kwa soseji ya kukaa wiki kadhaa, usiiondoe bila ya mtaalamu na maabara.

Soseji iliyoandikwa "haina nitriti, ina dondoo ya seleri" ni tofauti?

Kwa kemia, karibu hakuna tofauti. Seleri, bitiruti na spinachi zina nitrati nyingi kwa asili yake. Bakteria maalumu huigeuza nitrati hiyo kuwa nitriti, na nitriti ya seleri ni ileile ya kiwandani. Mnunuzi ana haki ya kulijua hili.

Cha asili si ndicho salama zaidi?

Tazama mwarobaini, mafuta ya karafuu na kasia hapo juu. Kinachoamua ni kiasi na matumizi.

## Hali zenye utata

Dondoo iliyotolewa kwa spiriti ni halali?

Hili ni swali la fikihi, na jibu lake ni la maulamaa. Wako wanaotazama kama spiriti imeondolewa na kiasi kilichobaki, na wako wanaojiepusha nayo kabisa. Ninachoweza kueleza ni upande wa utengenezaji: mafuta yaliyotolewa kwa mvuke hayakuguswa na spiriti, na ziko dondoo za maji, za kabonidaioksaidi na za gliserini, ingawa gliserini nayo yaweza kutoka kwa mnyama au kwa mmea. Mwombe muuzaji karatasi inayoonyesha njia iliyotumika. Nami nasihi mtu asijitengenezee dondoo kwa spiriti ya kusafishia au ya kuwashia, kwa kuwa huwa na methanoli inayopofusha na kuua.

Nyirinyiri hukaa wiki nyingi bila friji. Si viungo vinavyoilinda?

Kinachoilinda ni ukavu. Vipande hukatwa vidogo, hukaangwa mpaka maji yaishe, kisha huzamishwa katika mafuta yanayozuia unyevu na hewa. Bakteria haikui pasipo maji. Iliki na thumu zinasaidia mafuta yasigeuke, lakini nyirinyiri iliyokaangwa nusu, hata ikijazwa iliki, itaoza.

Umeme umekatika. Nyama yenye dondoo yastahimili zaidi?

Ihesabu kama nyama isiyo na dondoo. Friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa takriban saa 4; friza iliyojaa, kama saa 48, na iliyojaa nusu, kama saa 24. Nyama iliyoiva ikikaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2, itupwe. Katika joto la kaskazi, jikoni inapopita nyuzi 32, saa 1 yatosha kuwa mwisho.

Mjamzito anaweza kula poloni au soseji baridi yenye vihifadhi vya asili?

Aipashe kwanza mpaka itoe mvuke, ndani na nje. Listeria humpa mama homa ndogo na yaweza kumuua mtoto tumboni, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, wakati hakuna anayekumbuka kilicholiwa.

Nataka kuuza madukani. Niandike nini kwenye pakiti?

Taja dondoo kwa jina lake na kazi yake, kwa mfano "dondoo ya rozmari, ya kuzuia mafuta kugeuka". Bidhaa inayouzwa madukani yahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, na jikoni lako litakaguliwa na afisa wa afya ya umma wa kaunti. Dondoo ni kiongezo cha chakula mbele ya sheria hata kama mti wake umeota uani kwako, kwa hiyo uliza kabla ya kuchapisha lebo.

Arusi iko Faza, na kababu zinapikwa Lamu. Karafuu itazifikisha?

Barafu ndiyo itakayozifikisha. Zipike alfajiri, zitandaze kwenye trei pana zipoe upesi badala ya kuzirundika sufuriani, kwa kuwa katikati ya rundo hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Zitie kwenye friji mpaka ziwe baridi kabisa, ndipo zipangwe katika kasha la barafu, barafu chini na juu, kipimajoto kikiwa katikati ya kababu. Kikisoma nyuzi 5 au pungufu botini na gatini, zipasheni moto huko huko Faza dakika chache kabla ya kuandikiwa wageni. Karafuu uliyotia itaonekana hapo, mvuke unapopanda na nyama ikanuka kama iliyopikwa asubuhi ile.